Mazuku ya Kampuni

Maji ya kwanza yalitoka meupe kama ya chokaa. Adelaïde akayamwaga mbali na kuku, akamimina mengine juu ya sombe, yale majani ya muhogo ya kupika. Ya pili yakatoka ya kijivu. Ya tatu aliyaonja kwa ncha ya ulimi, akaikuta ileile ladha ya kulamba ufunguo, akatema. Akajifuta mdomo kwa kiganja, kiganja akakifuta kwenye kikwembe, kisha akakitazama kikwembe kwa kinyaa, maana nacho kilikuwa na unga uleule wa moshi. Unga ulikuwa juu ya majani, juu ya kamba ya nguo, kwenye mikunjo ya shingo za watu. Uliingia mtungini hata mtungi ukifunikwa. Asubuhi ukipenga kamasi, kamasi ilitoka kama udongo wa mfinyanzi.

"Osha tena," alisema Straton, mume wake, toka ndani.

"Nimeosha mara tatu."

"Basi osha ya ine. Jana nilikula hii sombe, nikaota niko natafuna musumari."

"Tafuna tu. Daktari wa kule Kirotshe si alisema damu yako inakosa chuma?"

Straton alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Alikohoa akiwa ameinama, mkono mmoja ukutani, kama mtu anayesukuma nyumba iondoke. Alipomaliza alitema ndani ya kopo la maziwa, akafunika makohozi kwa jivu. Zamani Adelaïde alikuwa anachungulia lile kopo ajue rangi ya siku hiyo. Sasa alilibeba uso ukiwa pembeni, akalimwaga kwenye shimo nyuma ya migomba. Hata nzi wa shimo lile walikuwa wamepungua.

Aliosha mara ya nne. Wakala. Hakuna aliyesifu chakula.

Furu, ile tanuri ya Kampuni ya kuchomea mawe, ilikuwa chini yao, mwendo wa robo saa ukishuka mlima wa Kanyambi, pale barabara ya Masisi inapoteremka kwenda Sake. Malori ya wafanyabiashara wa Butembo yalileta mawe kutoka Walikale, siku tatu njiani wakati wa mvua, wiki nzima daraja likikatika. Ndani ya mawe yale mlikuwa na kasiterite, ile wanayotolea bati, lakini kasiterite yenyewe ilikuwa imeshikana na kibiriti na sumu nyingine ambayo wazungu waliitaja kwa jina refu. Wanunuzi wa Ulaya hawakuitaka ile sumu. Basi mawe yalichomwa hapa, sumu itoke kwa moshi ibaki hapa, na mzigo uliotakata uendelee na safari.

Kuichoma kulitaka kuni. Mlima wa ng'ambo ulikuwa umenyolewa hadi mizizi, na wa pili yake umeanza kunyolewa. Mvua iliponyesha, udongo wa huko uliteremka mwekundu hadi mtoni, na maji ya mtoni hayakuwa tena maji ya kumpa mgeni.

Na bomba la moshi lilikuwa fupi. Straton alilijua vizuri, kwa sababu alibeba matofali yake mgongoni kabla kifua hakijaharibika. Kwenye karatasi lilichorwa lipande mita arobaini. Lilipofika kumi na mbili kazi ikasimamishwa, na matofali yaliyobaki yakapanda lori yakaenda kujenga nyumba ya mkubwa mmoja kando ya ziwa, nyumba yenye veranda mbili, moja ya asubuhi na moja ya jioni. Moshi ukakosa njia. Ulitoka bombani, ukajaribu kupanda, ukachoka, ukalala bondeni usiku kucha. Jua likichomoza ulianza kupanda mlima polepole, nyumba kwa nyumba, kama mtoza kodi.

Furu ilipoanza kuwashwa, mwanzoni mwa mwaka wa 1968, watu walisema moshi utazoeleka. Msimu wa kwanza maharage yalitoa majani yenye madoa, kama yaliyochomwa kwa sigara. Maua yakaanguka kabla ya kufunga. Msimu wa pili hivyohivyo. Nyuki walihama, au walikufa. Mizinga iliachwa mitini na ndani yake mlikuwa na kitu cheusi kinachonuka. Mabati ya kanisa yalitoboka kwa mwaka mmoja, ukikaa kwenye misa unaziona mbingu bila kungoja kufa. Kisha mbuzi kumi na moja wakafa asubuhi moja katika kibonde kidogo juu ya furu, wote wamelala ubavu, ndimi nje, povu la kijani puani.

Hapo ndipo Adelaïde alipofanya lile kosa lake.

Nyumba yake haikuwahi kukaa tupu. Kila Jumapili baada ya misa watu walijaa, wengine kwa ajili ya kasiksi, pombe yake ya ndizi, wengi kwa ajili ya mdomo wake. Habari iliyoingia mle ndani ikiwa nyembamba ilitoka imenenepa. Jumapili ile walikuja kumpa pole, maana watatu kati ya wale mbuzi walikuwa wake. Walikaa hadi nje chini ya mchirizi. Mtu mmoja akauliza ni kitu gani hasa kiliua mbuzi.

"Mazuku," alisema Adelaïde.

Wakageuka wote. Mazuku waliijua. Ni ile pumzi mbaya inayotoka kwenye mawe ya volkano, kule chini kuelekea Sake na Mubambiro. Haina rangi, haina harufu. Inakaa kwenye mashimo kama maji, na mbwa akishuka humo hapandi tena. Wazee wao walijua kila shimo lake, na Kanyambi haikuwahi kuwa na hata moja.

"Mazuku gani huku ku mulima, dada?" aliuliza Émilienne, jirani yake, aliyekuwa wa kwanza kuja na wa mwisho kuondoka. "Iliota mabawa?"

"Ni mazuku ya Kampuni. Ile ya zamani ilikuwa muvivu, inalala tu mu shimo. Hii iko na mashini, iko na kapita, na siku ya Mungu haipumzikake."

Nyumba ikapasuka kwa kicheko. Émilienne alijipiga mapaja. Straton akacheka akakohoa, akakohoa akacheka. Na toka siku hiyo hakuna mtu Kanyambi aliyesema moshi tena. Walisema mazuku imeamka. Walisema leo mazuku imekunywa nini. Jina likashuka sokoni Sake, likarudi likiwa limezaa mengine. Adelaïde alijivunia kidogo. Hakuwa na vingi vya kujivunia mwaka ule.

Barua ya malalamiko ilikwenda teritware, ofisi ya serikali ya wilaya, mwezi wa Desemba. Adelaïde aliisema, mwalimu wa misioni akaiandika kwa Kifaransa. Jibu likaja Aprili: tume itafika Alhamisi, isikilize wananchi, iandike ripoti. Mwalimu akawaelezea vizuri. Ripoti ikisema kwamba moshi wa furu ndio unaoharibu mimea na wanyama, sheria inailazimisha Kampuni kumaliza bomba au kuzima moto. Kilichotakiwa ni neno moja tu mle ndani. Moshi.

Adelaïde alilala nalo, akaamka nalo. Maharage ya msimu wa tatu yalikuwa yametoa maua, meupe na ya zambarau, na maua yalikuwa bado yameshika. Na daktari wa Kirotshe alikuwa amemwambia wazi, akiweka sikio mgongoni kwa Straton: huyu mtu atoke ndani ya ule moshi, au moshi utolewe alipo, la sivyo tusidanganyane.

Kutoka kwenda wapi? Nje ya Kanyambi, ndugu wa karibu wa Straton alikuwa Walikale, siku nne kwa miguu. Straton alikuwa hafiki kisimani bila kupumzika mara mbili.

Jumanne kabla ya tume, furu ilinyamaza.

"Bameizima!" Émilienne alikuja mbio, mikono ina unga wa muhogo. "Dada, bameizima sababu ya bageni!"

Adelaïde alitoka nje. Bonde lilikuwa wazi hadi ziwani. Hakuwa ameliona ziwa toka mwaka jana. Aliliona sasa, la buluu, halina habari na mtu. Usiku ule Straton alilala bila kuamka, na yeye akabaki macho akimsikiliza, akiichukia ile pumzi nzuri.

Alhamisi waliketi nyasini mbele ya hema la Kampuni. Chini ya hema kulikuwa na meza, kitambaa cheupe, na wanaume wawili. Mmoja alikuwa Sekreteri Apollinaire, aliyetumwa na teritware, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Wa pili alikuwa Musiu Edmond, enjinia wa furu, mzungu wa soksi ndefu, aliyekuwa anajisafisha kucha kwa njiti ya kiberiti. Nyuma yao alisimama kapita Léonard, msimamizi wa wafanyakazi wa furu, mtoto wa Kanyambi hiyohiyo, mama yake na baba yake Straton tumbo moja. Harufu ya nyama ya kuchoma ilitoka nyuma ya hema.

Sekreteri alivuta pumzi ndefu, akaitoa kwa sauti.

"Aah! Hewa ya hapa! Sisi kule mjini tunakula vumbi, nyinyi muko mu paradizo. Na munalalamika! Haya, nani atasema?"

Adelaïde akasimama.

"Papa Sekreteri, hii hewa unavuta leo haiko ya hapa. Ilikuja na nyie. Mukirudi, itapanda nayo jeep."

Watu wakacheka. Sekreteri pia akatabasamu. Kalamu haikugusa karatasi.

"Mama iko na mudomo," alisema. "Endelea."

Akaendelea. Alionyesha majani ya maharage ya msimu uliopita, aliyoyakausha ndani ya kitambaa. Alionyesha kipande cha bati la kanisa, akakiinua kuelekea jua ili mashimo yaonekane. Alitaja mizinga, akataja mbuzi, akataja kifua cha mume wake, aliyekuwa amekaa pale amejibana asikohoe mbele ya wakubwa. Sekreteri alitikisa kichwa kila mara, kwa adabu, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Ndipo Adelaïde akafunua sahani. Sombe, iliyopikwa asubuhi, na bugali juu yake. Majani aliyachuma Jumatatu, kabla furu haijazimwa, na safari hii hakuyaosha.

"Mugeni hatokake kwetu na njaa," alisema. Akaiweka juu ya kitambaa cheupe. "Hii ni chakula ya shamba yetu. Kula, papa. Na Musiu ale."

Sekreteri aliitazama sahani. Juu ya majani mlikuwa na utando kama wa maziwa yaliyochacha. Akaisogeza kwa kidole kimoja, kidogo, kisha kidogo tena, hadi ikafika ukingoni mwa meza.

"Asanti, mama. Tumbo yangu haikubalike sombe."

"Musiu?"

Musiu Edmond alisema kitu kwa Kifaransa bila kuacha kucha zake.

"Anasema daktari alimukataza mafuta," alitafsiri Sekreteri.

"Haina mafuta. Mafuta nitatoa wapi?"

"Mama! Tulikuja kula ao tulikuja kufanya kazi?" Akafungua kalamu. "Sasa nikuulize vizuri. Ile mbuzi kumi na moya, ilikufa ku shamba?"

"Hapana. Mu kibonde, pale juu ya furu."

"Mu kibonde. Kwa shimo, vile. Ilikuwa na kidonda? Damu?"

"Hapana, papa. Ililala tu. Ila povu ilikuwa—"

"Ililala tu. Asubuhi ao muchana?"

"Asubuhi na mapema."

"Asubuhi, mu shimo, bila damu." Sekreteri aligeuka, akawatazama watu wote walioketi nyasini, akatabasamu kama mwalimu anayewapa watoto swali jepesi. "Na nyinyi bantu ya hapa, ile kitu inauaka vile, munaiitaka nini?"

Na Émilienne, aliyekuwa na kiu ya kusema toka asubuhi, aliyekuwa na furaha kwamba hatimaye wanaulizwa kitu wanachokijua, akapaza sauti kabla ya wote:

"Mazuku!"

"Mazuku!" wakaitikia wengine, wakicheka, wakisukumana. "Mazuku! Mazuku, papa! Inatuua hiyo!"

Musiu Edmond akaacha kucha zake.

"Mazuku," alisema, taratibu, neno likitoka vizuri mdomoni mwake, halina kosa. Akainama kwa Sekreteri, wakasemezana Kifaransa cha haraka. Sekreteri akavuta karatasi karibu. Kwa mara ya kwanza siku ile, akaandika.

Adelaïde akaisogelea meza.

"Papa, hapana. Usiandike ile. Ile ni kicheko."

"Kicheko?"

"Ni jina ya kuchekesha. Tunaitaka moshi ya furu vile. Ni mi mwenyewe njo nilianzisha, mu nyumba yangu, siku ya Mungu."

"Kwa hiyo ni weye ulisema ilikuwa mazuku."

"Ni mi, lakini—"

"Anakubali," alisema Sekreteri, na kalamu ikaenda.

"Papa, nisikilize. Mazuku ya kweli haina harufu, hii inanuka kama yai mubovu. Mazuku haipandake mulima, inakaa mu shimo yake. Mazuku haitobolake bati ya kanisa! Haiachake unga ku sombe! Uliza muzee yeyote. Uliza Léonard pale, yeye alizaliwa hapa, shimo ya mazuku anazijua zote!"

Kapita Léonard alitazama viatu vyake. Vilikuwa viatu vizuri, vya Kampuni.

"Mama, ulisoma jeoloji?" aliuliza Sekreteri.

"Hapana."

"Musiu Edmond alisoma. Miaka ine. Anasema ku hii mawe ya volkano, mazuku inaweza kutokea fasi yoyote. Sasa yeye anasema mazuku, weye ulisema mazuku, wananchi bote banasema mazuku. Ni nani iko anapinga? Ni weye tena?"

"Ilikuwa kicheko!"

"Serikali haiandikake kicheko, mama." Alipuliza wino ukauke. "Tia kidole hapa."

Adelaïde aliweka mikono nyuma ya mgongo. Sekreteri hakukasirika. Alimwita Léonard, na Léonard akatia sahihi kwa niaba ya wakaaji wa mlima. Kisha tume ikahamia nyuma ya hema, kwenye nyama. Mtu fulani aliichukua sahani ya sombe akamwagia mbwa wa Musiu, na mbwa akainusa akaondoka.

Njiani kupanda, Émilienne alikuwa analia kwa sauti, anajipiga mdomo kwa kiganja.

"Hii mudomo! Dada, hii mudomo yangu, waikate!"

"Nyamaza," alisema Adelaïde. "Mi njo nilikupikia neno. Weye uliipakua tu."

Jioni hiyohiyo furu iliwashwa. Ilikuwa na deni la siku tatu, ikavuta mpaka alfajiri. Straton alikohoa hadi akakojoa. Adelaïde alimbadilisha nguo, akafua zile chafu gizani, na maji yakatoka meupe.

Maua ya maharage yalianguka wiki iliyofuata. Hayakunyauka kwanza. Yalianguka mabichi, yakajaa chini kama mtu aliyemwaga kitu kwa uzembe, na ukiyakanyaga yanateleza.

Mwezi mmoja baadaye kapita Léonard alipanda mlima na karatasi yenye muhuri. Aliwakusanya watu kwenye uwanja wa kanisa, akasoma kwa Kifaransa wasichoelewa, kisha akaeleza kwa Kiswahili bila kumtazama mtu usoni. Kwa kuwa wakaaji wenyewe wametambua kuwepo kwa mazuku. Kwa kuwa serikali inajali maisha ya wananchi wake. Mlima wa Kanyambi, toka kisimani hadi barabarani, ni eneo la hatari. Ni marufuku kulima na kuishi humo. Watu waondoke ndani ya siku kumi na tano. Ardhi itakuwa chini ya ulinzi wa Kampuni.

"Na furu?" aliuliza mtu.

"Furu haikutajwa."

"Tuende wapi?"

"Hiyo pia haikutajwa."

Hakuna aliyecheka. Wengine walianza kufunga mizigo siku hiyohiyo, wenye ndugu Masisi, wenye shemeji Kirotshe. Nyumba ya Adelaïde ilijaa tena, lakini watu walibaki wamesimama, kila mmoja kashika kitu mkononi, sufuria, kuku, picha ya Bikira. Walisema kwaheri wakatoka. Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilimchoma kuliko matusi.

Siku ya kumi na tatu Léonard akarudi. Safari hii alikuja hadi mlangoni, akavua kofia.

"Shemeji. Kaka Straton. Nimewaletea habari muzuri kidogo. Kampuni inajenga kambi ya bafanyakazi. Inatafuta bantu makumi ine ya kukokota majivu mu furu. Mwenye kupata kazi atapewa chumba, yeye na bibi yake, na kashamba kadogo."

"Kambi itakuwa wapi?" aliuliza Straton.

Léonard alionyesha kwa kidevu. Hapohapo. Toka kisimani kushuka.

Adelaïde aliacha kufunga mkeka.

"Na mazuku?"

"Shemeji..."

"Nakuuliza, Léonard. Iko kwa karatasi, uliisoma weye mwenyewe. Hapa pako mazuku, bantu watakufa. Na mazuku?"

Kapita alizungusha kofia mikononi.

"Mazuku haiuake bantu ba Kampuni," alisema, na akawa hana jinsi ila kucheka kidogo, na kicheko hakikupata mwenzake.

Alipoondoka, Adelaïde alisema, "Huendi."

"Ninaenda."

"Straton, ule ni moshi wenyewe. Ni kwenda kuunywea ku chanzo yake. Utakufa mwezi moya."

"Na ku barabara ya Walikale nitafanya nini? Nitaimba?" Alisubiri kifua kitulie. "Siku ya kwanza nitaanguka mbele ya Masisi. Utanibeba? Utanizika ku shamba ya nani? Hapa, hata nikifa, weye utabaki na chumba mpaka bakufukuze. Hapa kuko kisima. Kuko kaburi ya mama yangu. Nipe ile shati ingine."

Akampa. Akamfungia vifungo mwenyewe, maana vidole vya Straton vilikuwa vimenenepa kwenye kucha kama vijiti vya ngoma, na vifungo vilimponyoka.

Wanaume zaidi ya mia walipanga mstari mbele ya furu. Wanawake walisimama ng'ambo ya barabara. Musiu Edmond alikuwa amekaa ndani ya jeep, mlango wazi, saa mkononi. Léonard akaeleza kazi. Furu inafunguliwa mlango, mtu anaingiza reki ndefu, anakokota majivu, mlango unafungwa. Wakati mlango uko wazi, asivute pumzi. Wa kabla walivuta, na watatu waliangukia humo ndani. Kwa hiyo Musiu ameamua kujaribu watu kwanza. Kila mmoja atafunga mdomo, na yeye Léonard ataziba pua yake kwa vidole, na kuhesabu hadi thelathini. Anayefika, anaandikwa. Anayeachia pumzi au anayekohoa, aende zake.

"Mbona munacheka?" alisema, ingawa hakuna aliyecheka.

Wa kwanza alifika. Wa pili alifika. Wa tatu alikohoa kwenye kumi na nne, akatoka mstarini ameshika tumbo, na mke wake, ng'ambo ya barabara, akakaa chini palepale kwenye tope. Wa nne, wa tano. Moshi ulikuwa unatoka bombani, mzito, wa rangi ya njano ya usaha, na upepo ulikuwa bado haujauamulia pa kwenda.

Zamu ya Straton ikafika. Alikuwa amejizuia kukohoa toka nyumbani, Adelaïde aliliona hilo kwa namna alivyoshika shingo. Léonard alisita. Akamtazama binamu yake, akatazama jeep, akainua mkono, akamziba pua.

"Moya. Mbili. Tatu."

Alihesabu haraka, haraka kuliko kwa wengine. Musiu Edmond akagonga kioo cha saa kwa ukucha. Léonard akapunguza.

"Kumi na moya. Kumi na mbili."

Mishipa ya shingo ya Straton ilikuwa imesimama. Kifua kiliruka mara moja, ndani kwa ndani, kama kuna mtu mle anayepiga mlango. Mdomo haukufunguka. Émilienne alikuwa amemshika Adelaïde mkono, anaukamua, midomo yake inahesabu bila sauti.

"Kumi na nane. Kumi na kenda. Makumi mbili."

Ndipo moshi ukashuka. Ulijikunja juu ya bomba, ukaanguka barabarani wote kwa pamoja, na wanawake wakavuta vikwembe puani. Jeep ikafungwa mlango. Nyuma ya kioo Musiu Edmond alionyesha kwa mkono: endelea.

"Makumi mbili na tatu," alisema Léonard, macho yanamtoka machozi. "Makumi mbili na... makumi mbili..."

Akakohoa. Alikohoa mara tatu, nne, ameinama, mkono mmoja kwenye goti, mwingine bado umebana pua ya Straton. Straton alikuwa amebadilika rangi. Midomo ilikuwa kama ya mtu aliyekula matunda ya porini. Macho yake yalimtafuta Adelaïde katika ule moshi, yakapita juu yake, yakarudi.

Léonard alitema mate, akajifuta kwa bega, akainua kichwa.

"Nilifika wapi?"

Watu mia wakamjibu kwa pamoja, kila mmoja namba yake. Léonard akageukia jeep. Ndani ya jeep kidole kilichora duara hewani, taratibu, kama kinachokoroga kikombe.

"Usiachie, kaka," alisema Léonard. "Tunaanza tena. Moya."